Jinsi ya Kutunga Kitabu cha Picha chenye Vina vya Kuchekesha, na Kukisoma Mbele ya Darasa

Mara ya kwanza nilipowasomea watoto wa Darasa la Pili kitabu nilichokitunga mwenyewe, alicheka mtu mmoja tu: mimi. Nilikuwa na sungura mjanja, vina vimepangwa kama meno ya kitana, mizani, yaani silabi za kila mshororo, nimezihesabu hadi usiku wa manane. Watoto wakanitazama kama wanavyomtazama muuguzi siku ya dawa za minyoo.

Nilichelewa kuelewa kosa lilikuwa wapi. Vichekesho vyangu vyote vilikaa katikati ya mshororo, na sikio la mtoto halikai katikati. Likishakamata kina cha kwanza, linakimbilia mwisho wa mshororo unaofuata kwenda kukisubiri cha pili, kama anavyosimama chini ya mwembe akisubiri embe lidondoke. Kichekesho kikianguka hapo hapo, darasa linalipuka. Kikianguka kwingine, kinaokotwa na mtunzi peke yake.

Hapa nitafuata kitabu kimoja kidogo cha kurasa 16, hadithi ya mbuzi aliyeingia shuleni, tangu wazo hadi siku ya kukisoma. Kwa kazi hii unahitaji penseli, karatasi za A4, stepla na watoto wa kukukosoa.

Anza na utundu, funzo litajijua

Wengi wetu tumelelewa na hadithi zinazoishia kwa "hadithi hii inatufundisha nini?" Swali hilo lina mahali pake. Ukilitanguliza, utapata kitabu cha adabu chenye vina, na watoto wananusa adabu kutoka mbali.

Tafuta kwanza utundu mmoja ambao mtoto wa miaka saba angependa kuufanya lakini haruhusiwi. Mbuzi anaruhusiwa. Anakata kamba, anaingia darasani, anakula vitu vya wakubwa, akiulizwa anakana. Hadithi imekwisha hapo. Yaliyobaki ni kuhesabu vitu alivyokula. Kwa kurasa 16 vitu vitatu vinatosha, na kila kimoja kiwe cha mtu mkubwa zaidi ya aliyetangulia: chaki ya mwalimu, kofia ya mwalimu mkuu, kapu la maandazi la mama muuzaji, ambaye kwa watoto ndiye mkubwa kuliko wote.

Kuna sheria moja ambayo siivunji: kicheko kipande juu, kisishuke chini. Mcheke mwenye cheo, mcheke mwenye majivuno, mcheke mbuzi. Usimcheke mtoto mwenye kigugumizi, mwenye ualbino, anayevaa sare iliyoshonwa kiraka. Katika darasa la watoto 70 yumo wa kila namna, na kitabu kikifungwa yeye ndiye atakayebaki na jina la utani.

Mizani nane zinatosha

Shairi la tarbia tulilolizoea lina mizani 16 kila mshororo, nane kwenye nusu ya kwanza (ukwapi) na nane kwenye nusu ya pili (utao). Ni tamu kuimbwa na mtu mzima. Kwa mtoto ni safari ndefu. Akifika kwenye kina cha mwisho ameshasahau cha kwanza. Chukua nusu yake. Mizani nane ndicho kipimo cha utenzi, na nadhani kimedumu kwa sababu kinaingia kwenye pumzi moja.

Utenzi wa kawaida una vipande vitatu vyenye kina kimoja, na cha nne chenye kina cha bahari kinachojirudia hadi mwisho. Kwa kitabu cha kusomwa kwa sauti, mimi huachana na mpango huo na kuandika mishororo miwili miwili yenye kina kimoja. Mtoto anapewa kina, mshororo unaofuata analipwa.

Ubeti wa kwanza wa kitabu chetu:

*Mbuzi wa Mzee Pazi*
*hana shamba, hana kazi;*
*kamba kesha itafuna,*
*shuleni anajivuna.*

Hesabu kwa vidole, kwa sauti: mbu-zi-wa-m-ze-e-pa-zi. Nane. Angalia M ya "Mzee": inasimama peke yake, kwa hiyo ni mizani kamili. Lakini "mb" ya "mbuzi" imeshikana na irabu, haihesabiwi kivyake. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mtoto ni m-to-to, mizani tatu. Ndizi ni ndi-zi, mbili. Maneno mafupi sana kama mbwa, nchi, nge na nta yana mizani mbili, kwa sababu ile herufi ya mwanzo inabeba sauti peke yake: m-bwa, n-chi. Halafu kuna maneno kama daftari, maktaba na labda, yenye konsonanti inayoning'inia katikati. Mmoja ataihesabu, mwingine ataimeza, na usomaji utayumba. Ndiyo maana mbuzi wangu hakula daftari, ingawa alilitamani sana.

Ukimaliza kuhesabu, piga makofi. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila mshororo unaoishia na neno la silabi mbili au zaidi unatua vizuri wenyewe: PA-zi, KA-zi. Ukimaliza na neno la silabi moja, mkazo unaruka hadi ukingoni. Usifanye hivyo ila pale unapotaka kishindo.

Vina: kimbia vya bure

Kiswahili kina ukarimu ambao ni mtego. Vitenzi karibu vyote vinaishia na "a". Ukiongeza "ni" kwa kila mahali utapata darasani, mezani, shuleni, kichwani, na unaweza kujaza kitabu kizima kabla chai haijapoa. Mimi huviita vina vya bure. Kimoja au viwili havidhuru. Baada ya vitatu mtoto ameshajua unachofanya, na hakuna anayecheka kitu alichokiona kinakuja toka kona ya shule.

Kina kinachochekesha huunganisha maneno mawili yasiyojuana: jina na kitenzi, kitu na mlio, neno zito na neno la kijinga. Tazama ubeti wa chaki:

*Mwalimu asaka chaki,*
*chaki moja haibaki;*
*mbuzi kafunga mdomo,*
*anasikiliza somo.*

"Mdomo" na "somo" ni majirani wasiosalimiana. Mdomo wa mbuzi, somo la mwalimu. Kina kinawaweka benchi moja, na hapo ndipo penye kicheko.

Kanuni za kale zinadai silabi ya mwisho tu ifanane, na huo ni msingi mzuri. Kwa watoto, dai zaidi: irabu ya silabi yenye mkazo nayo ifanane. Nilikuwa nimeandika hivi mwanzoni:

*Mwalimu mkuu kaja,*
*kofia yake ni moja.*

Kwa karatasi, "ja" na "ja" ni kina halali. Kwa sikio la mtoto aliye benchi la nyuma, "kaja" na "moja" havikutani. Nikabadilisha:

*Mkuu wetu kafika,*
*kofia kaitundika;*
*darasa zima lang'ara:*
*Mkuu ana kipara!*

Kabla hujaandika ubeti wa namna hii, mchunguze mwalimu mkuu wa shule unakokwenda. Kama hana nywele, mpelekee kitabu ofisini mapema, mwamkie, mwombe ruhusa. Mmoja niliyemwendea alicheka kuliko watoto na akaomba asome ukurasa huo mwenyewe. Sina hakika kama wote wako hivyo.

Neno kuhusu uhuru wa mshairi. Inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani zitimie, inafaa: "kala" badala ya "amekula" ni lugha ya pwani inayosikika hadi leo, na inakwenda mbio. Mazda, kurefusha neno, inasikika ya kizee. Itumie mbuzi anapojidai msomi. Kuboronga sarufi, yaani kuvuruga mpangilio wa maneno, usikuguse. Mtoto wa Darasa la Pili bado anaijenga sentensi yake, usimvurugie matofali ili upate kina. Ukikwama, badilisha mshororo wa kwanza. Karibu kila mara tatizo la kina cha pili liko kwenye neno ulilochagua kwa cha kwanza.

Mzozo wa vina na mashairi huru (yasiyobanwa na vina), uliowagawa washairi wetu katika miaka ya 1970, watoto waliumaliza zamani. Wako upande wa Sheikh Amri Abedi, aliyeandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, ingawa wao wanalijua jina lake kwa uwanja wa mpira wa Arusha.

Kipokeo: wape watoto kazi

Darasa letu limezoea kuitikia. "Paukwa!" lina "Pakawa!" lake, "Hadithi, hadithi!" ina "Hadithi njoo!" yake. Kitabu kisichowaachia watoto sehemu yao kitaporwa kwa kelele. Kwa hiyo kila baada ya kitu kuliwa, mbuzi anashtakiwa:

*Nani kala? Nani kala?*
*Mbuzi ajibu: "Me! Wala!"*

Msomaji anasoma hadi "ajibu", ananyamaza, na darasa linamalizia. Ukurasa wa kwanza watakutazama. Wa pili watajaribu wachache. Wa tatu mwalimu wa darasa la jirani atakuja kuuliza kuna nini.

Kipokeo kiwe kifupi, kisibadilike hata herufi, na kiwe na neno ambalo watoto wa mahali hapo wanalitumia kweli. "Wala!" ya kukana ni ya kila siku Dar es Salaam, Tanga na Unguja. Kwingine mtoto anaweza kuijua kama kiungo tu cha "wala hiki wala kile". Hapo sikiliza kwanza watoto wa huko wanakana vipi wakikutwa na sukari mdomoni, kisha tunga kipokeo chako upya.

Tanakali za sauti nazo zina kazi. Kiswahili kimejaa: mtu anaanguka chubwi majini, tifu mchangani, pu kama mzigo, giza ni totoro, kimya ni jii, usingizi ni fofofo. Moja kwa kila kurasa mbili yatosha. Mwisho wa hadithi yetu unasimama juu ya mlio mmoja:

*Mbuzi kapiga chafya, pu!*
*Chaki, kofia na kapu.*

"Pu" na "kapu" ni kina chembamba, nakubali. Lakini hapa ndipo nilipotaka kile kishindo cha neno la silabi moja, na chafya ya mbuzi inaokoa mengi.

Ubeti wa kapu la maandazi nakuachia uutunge. Mizani nane, mishororo minne, na neno la mwisho liwe lile ambalo watoto watataka kulisema kabla yako.

Kichekesho kikae nyuma ya ukurasa

Hiki ndicho kinachokitofautisha kitabu na shairi la gazetini. Ukurasa ni pazia. Kwenye kitabu chetu ukurasa wa 1 uko kulia, kwa hiyo kila ukurasa wa namba witiri uko kulia na ndio wa mwisho kuonekana kabla ya kufunua. Kianzio cha kichekesho kikae kwenye namba witiri, jibu lake kwenye namba shufwa inayofuata.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Ukurasa wa 1 jina na kichwa cha mbuzi. 2 na 3 ubeti wa kwanza. 4 na 5 mishororo mitatu ya chaki, hadi "mbuzi kafunga mdomo". Funua: 6 ina "anasikiliza somo" pamoja na kipokeo. 7 mkuu kafika, hadi "darasa zima lang'ara". Funua: 8 haina kitu ila kipara na maneno matatu. 9 kipokeo. 10 hadi 12 kapu na kipokeo chake. 13 pua ya mbuzi imejaa ukurasa mzima, inawasha, maneno ni "Mbuzi kapiga chafya…" Funua: "pu!" 15 vitu vyote sakafuni. 16 kipokeo cha mwisho, mkuu akiuliza, mbuzi akikana huku amevaa kofia.

Pale palipo na nukta za kusubiri, hesabu moja, mbili, ndipo ufunue. Watoto watalitaja neno kabla yako. Waache. Mtoto aliyelikisia neno hucheka zaidi ya aliyeambiwa.

Picha iseme kile maneno yanachokificha

Maneno yakisema mbuzi amekula chaki na picha ikaonyesha mbuzi akila chaki, umelipia kitu kimoja mara mbili. Maneno yanasema "anasikiliza somo". Picha inaonyesha ndevu nyeupe pepepe. Mtoto aliyeona ndevu ananyanyuka: "Mwalimu, ni yeye!" Wewe jifanye hukuona. Kuanzia hapo anajua siri ambayo msomaji haijui.

Mchoro wenyewe hauhitaji ufundi mkubwa. Mbuzi awe yule yule kila ukurasa: pembe moja fupi, doa jeusi jichoni, kengele shingoni. Mistari minene ya wino mweusi, kwa sababu kitabu kitatolewa nakala kwenye mashine ya stendi na penseli hafifu itapotea. Darasa liwe darasa la kweli: madawati ya watu watatu watatu, dirisha lenye nondo, ndoo ya maji pembeni.

Kama hujui kuchora kabisa, usiokote picha kwenye intaneti ovyo. Tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi nyingi za watoto, za Kiswahili zikiwemo, zenye leseni huria zinazoruhusu kutumia tena michoro mradi umtaje mchoraji. Soma masharti ya kila picha. Au mpe kazi mtoto wa Darasa la Sita anayejaza pambizo za madaftari yake kwa magari. Jina lake liandikwe kwenye jalada, na herufi zake zilingane na zako.

Kukunja na kufunga

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo kurasa za kitabu lazima zigawanyike kwa nne. Karatasi nne zinatoa 16. Kinachowachanganya watu ni mpangilio, na dawa yake ni jumla moja: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima zijumlike kuwa 17. Karatasi ya nje ina 16 na 1, nyuma yake 2 na 15. Inayofuata 14 na 3, nyuma 4 na 13. Kisha 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya katikati kabisa 10 na 7, nyuma 8 na 9. Tengeneza kwanza kielelezo cha karatasi tupu, andika namba, kikunjue utazame. Ndipo uende kutoa nakala.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4. Ofisi nyingi za kutoa nakala zina ile ya shingo ndefu. Ukiikosa, sindano na uzi wa kushonea magunia hufanya kazi nzuri kuliko pini, na uzi haupati kutu.

Kwa darasa la watoto zaidi ya 30 kijitabu hiki hakitaonekana. Tengeneza kikubwa kwa karatasi za manila, kila moja ikiwa ukurasa, herufi zenye kimo cha sentimita nne hivi, kisha uzishikize juu kwa kamba kama kalenda. Hapo hakuna kulia na kushoto, kila karatasi ni pazia, na kazi ni rahisi zaidi.

Siku ya kusoma

Kariri. Huna haja ya kukariri neno kwa neno, lakini macho yako yawe kwa watoto na kitabu kiwe begani kwako, kimewaelekea wao. Msomaji anayeinamia maandishi anasoma na kifua chake.

Kama mvua inanyesha juu ya bati, ahirisha. Nimejaribu kushindana na bati mara mbili na limeshinda zote. Saa nzuri ni kabla ya mapumziko. Baada ya uji macho ni mazito. Wasogeze wakae sakafuni au chini ya mti, warefu nyuma, na yule mtundu kuliko wote mpe kazi ya kufunua kurasa. Atakuwa mlinzi wako.

Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa. Sauti ya mwalimu iwe ya kawaida, ya mkuu iwe nzito, ya mbuzi iwe ya mtu asiye na hatia hata kidogo. Mbuzi akiigiza uchekeshaji hachekeshi. Usieleze kichekesho. Wakikosa kucheka mahali, endelea, na jioni piga alama kwenye mshororo huo.

Alama hizo ndizo uhariri wako. Soma mara tatu kwa madarasa matatu tofauti kabla ya kutoa nakala nyingi. Pale watoto walipokisia neno jingine badala yako, andika hilo lao, mara nyingi ni zuri zaidi. Pale ulimi wako ulipogonga mara mbili, mizani zina kasoro hata kama vidole vilikuambia nane.

Ukiona kitabu kinastahili kusafiri, njia rasmi zipo: kwa Tanzania vitabu vya ziada vya shule hupelekwa Taasisi ya Elimu Tanzania kupata ithibati, kwa Kenya ni Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Hiyo ni safari ya subira na gharama. Nakala 20 za stendi kwa shule ya mtaani kwako hazisubiri mtu.

Nakala ya kwanza iache darasani, waishike wenyewe. Yangu ilidumu muhula mmoja. Niliporudi niliikuta imelegea, ina alama za vidole vya mafuta, na karatasi ya katikati, ile ya kipara, haimo. Nikasimama mbele ya darasa nimekunja uso, nikauliza nani kaichomoa. Likajibu darasa zima, kwa sauti moja:

"Me! Wala!"